Suruali ya Mizani

Mguu wa kulia ulipita. Wa kushoto ukagoma. Nesi wa kupima uzito, msichana mwenye subira, aliushika ule mguu kwa vidole viwili akajaribu tena kuupenyeza kwenye tundu la suruali ya mizani, ile ya turubai la bluu ambayo watoto wote wa mtaa ule walikuwa wamening'inizwa ndani yake. Paja halikutaka. Benchi zima la akina mama likaangua kicheko.

"Msimlazimishe Mheshimiwa," alisema bibi wa mtoto kwa sauti ya kufika hadi dirisha la dawa. "Mheshimiwa havai nguo za kuazima!"

Mheshimiwa alikuwa na miezi saba. Jina alipewa na mtaa, kwa ajili ya mashavu yake na kwa jinsi alivyokaa akiegemezwa mito, shingo haionekani, akiwatazama watu kana kwamba anasubiri wamalize kupiga makofi ndipo ahutubie. Mama yake, mshonaji wa sare za shule, alikuwa ameomba ruhusa ya asubuhi moja kazini. Tangu chanjo ya miezi mitatu na nusu hawakuwa wamerudi kliniki, maana bibi aliuliza kila mara: mtoto mwenye afya ya namna ile anapelekwa huko kutafuta nini? Leo walikuja kutafuta sifa, tuseme ukweli. Mama mtu naye alikuwa anacheka pamoja na benchi.

Ikabidi itolewe mizani ya sahani. Nesi msichana akaandika, akaitazama namba, akaiandika tena, kisha akawapeleka kwenye chumba cha nesi mkuu. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa uzi. Aliweka nukta kwenye kadi. Nukta ilikaa juu ya mstari wa juu kabisa, peke yake.

"Nani anamlisha huyu mtoto?"

"Mimi," alijibu bibi, na kifua kikatangulia mbele. "Mama yake anashinda kazini. Mimi nimepika bweni la wasichana miaka ishirini na sita. Sahani mia tatu kila mlo, na hakuna iliyorudi jikoni na chakula."

"Hongera, mama. Na huyu anakula nini?"

"Anakula vizuri."

"Nimeuliza nini."

Bibi akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo mkwe wake alivyoacha kutabasamu. Maziwa ya kopo kwenye chupa, na ndani yake unga kidogo, ili yawe na uzito. Sukari, ili asikatae. Saa nne uji wenye siagi. Saa sita chupa nyingine. Saa nane uji uliobaki, kwa sababu uji haumwagwi.

"Na akigeuza uso pembeni?"

"Anadeka tu. Nasubiri ameze, naendelea."

Nesi mkuu alitandika shuka juu ya mkeka wa plastiki sakafuni akamlaza Mheshimiwa kifudifudi. Mheshimiwa akainua kichwa mara moja, akakirudisha chini, akahema. Mikono yake ilitanda huku na huku bila kazi. Mlango ulikuwa wazi, na kwenye benchi mtu mmoja alinong'ona kwa sauti isiyokuwa ya kunong'ona: "Wanamnenepesha kama wa kuchinja." Mshonaji aliisikia. Akatamani sakafu ile ya saruji ipasuke.

"Nukta hii ingekuwa chini ya mistari, mama mtoto, ungelia," alisema nesi. "Iko juu ya mistari, watu wanapiga vigelegele. Mimi zote mbili zinaninyima raha. Mtoto akianza hivi, kuna hatari akue nao uzito huu, aende nao shule, na sukari na presha zimsubiri huko mbele. Sasa sikilizeni. Simwambii mtu amnyime mtoto chakula. Wala hatumpunguzi uzito. Unga na sukari zitoke kwenye chupa. Uji apewe kwa kijiko, kwa bakuli. Akigeuza uso, basi. Huko kugeuza uso ndiko kusema kwake. Mkeka uwe rafiki yake. Na maziwa ya kifua?"

"Asubuhi na jioni," alisema mshonaji, akitazama viatu vyake. "Mchana niko kazini."

"Kazini hakuna kikombe?"

Akamwonyesha namna ya kukamua kwa mkono, na namna ya kuyahifadhi yasiharibike, pale pale, kwa haraka, kama mtu aliyekwisha kuonyesha mara elfu. Mwisho akaifunga kadi. "Mwezi mmoja. Nataka nione mstari umelala kidogo. Ukiendelea kupanda hivi, namwandikia barua ya hospitali kubwa."

Njiani, kwenye kona ya duka la viatu, bibi alisimama.

"Yule mwanamke hana mtoto."

"Mama, picha za watoto wake watatu ziko ukutani."

"Basi ni wembamba."

*

Nyumbani kwao kulikuwa na vyumba viwili na ukumbi mdogo ambao mchana ulikuwa jiko. Mshonaji hakurudi kazini siku ile. Alianza kuosha vyombo kwa hasira ya mtu asiyejua amkasirikie nani. Alipoijaza chupa ya mtoto maji na kuigeuza juu chini, maji hayakudondoka. Yalimwagika yote kwa mkupuo mmoja hadi kwenye kiwiko chake.

Akaichunguza ile chuchu ya mpira. Tundu lake lilikuwa pana, kingo zake nyeusi. Akafungua mkebe wa chumvi ambamo bibi huweka viberiti na vikorokoro vyake, na humo ndani akaiona sindano ya cherehani, namba kumi na sita, ile iliyompotea wiki mbili zilizopita akasemwa kazini mbele ya wote. Ncha yake ilikuwa imeungua.

"Mama," aliita. "Hii ni nini?"

Bibi alikuwa amekaa na mjukuu mapajani. "Sindano."

"Ncha imeungua."

"Uji ulikuwa haupiti. Lile tundu la dukani ni la kunyonyesha sisimizi."

"Kwa hiyo hanyonyi, Mama. Anamiminiwa. Hata akishiba hawezi kuacha, inabidi ameze asipaliwe!"

Aliposema hivyo akaona picha yake yote: mtoto, mdomo umejaa, macho yamemtoka, anameza kwa kasi, na watu wazima wanamsifu kwa kula. Machozi yakamtoka. Hakuwa ameyapanga.

Hapo ndipo mume alipoingia, fundi friji, na mfuko wake wa spana begani. Kama kawaida yake alianza kwa kumsalimia mwanawe, "Shikamoo, Mheshimiwa," na kama kawaida yake akatoa kwenye mfuko wa shati pakiti ndogo ya juisi. Wanawake wawili waliitazama ile pakiti. Fundi naye akaitazama, kana kwamba imewekwa pale na mtu mwingine.

"Na hiyo kila siku?" mkewe aliuliza.

"Vijiko viwili vitatu tu. Ananichekea."

"Mbona hukuniambia?" mama yake akamdaka.

"Ningejuaje kama mnampa vingine vyote hivyo?"

Ukweli ukawa umekaa mezani. Bibi analisha kwa sababu sahani hairudi na kitu. Baba analisha kwa sababu anachekewa. Na mama mtu, ambaye alikuwa ameshika sindano kama kidhibiti cha mahakamani, akakiri naye kwamba akirudi jioni mtoto akilia tu, hata kama kilio ni cha joto au cha usingizi, anampa titi, kwa sababu anajionea haya kushinda mbali naye. Nyumba nzima ilikuwa inamshibisha mtu mmoja asiyejua kusema hapana.

Bibi akamkabidhi mtoto kwa baba yake, akaingia chumbani, akatoka na begi lake la zipu.

"Nimefukuzwa na mizani," alisema. "Sijawahi kusikia mtu amefukuzwa na mizani, lakini mimi yamenifika."

"Mama, hakuna aliyekufukuza," alisema mwanawe.

"Wewe nyamaza. Ulipokuwa na umri wa huyu, shangazi wa baba yako alikuja na wageni. Akakunyanyua. Akakupima mkononi hivi, kama mtu anayenunua kitu, halafu akasema: 'Mwepesi.' Basi. Hakuongeza. Wageni wote wakanitazama kifuani. Nilikuwa nimepika siku nzima, hakuna aliyekumbuka chakula changu, walikumbuka hilo neno." Aliivuta zipu ya begi mpaka mwisho. "Nikasema, mjukuu wangu, mume wangu huyu, hakuna atakayemnyanyua akasema hivyo. Ndiyo dhambi yangu hiyo. Sasa nifungulieni mlango."

Mlango haukufunguliwa. Mshonaji alikuwa bado na machozi usoni na sindano mkononi. Miaka minne aliyoishi na mwanamke huyu aliona ubishi mtupu, na leo ndiyo mara ya kwanza kuona kilichokuwa nyuma yake. Alimhurumia, na bado alikuwa na hasira, vyote pamoja.

"Mama, ukiondoka itabidi niache kazi," alisema. "Sina mwingine ninayemwamini na mtoto wangu."

"Unaniamini, na sindano umeishika hivyo?"

"Wewe nakuamini. Sindano ndiyo siiamini."

Fundi friji akacheka kabla hajajizuia. Bibi akamtupia jicho, lakini begi lilishuka chini.

"Nakaa mwezi," alisema. "Mpaka siku ya mizani. Nataka yule nesi aone mtoto amekonda, halafu aniombe radhi mbele ya benchi lote."

*

Kiwanda cha sare kilikuwa na cherehani ishirini na mbili katika ukumbi mmoja, na mshonaji wetu alikaa safu ya pili, kwenye kola. Mashati yalimjia hayana shingo, yakaondoka na shingo. Asubuhi ya pili alimfuata msimamizi kwenye meza ya kukatia, akazungumza kwa sauti ya chini.

Msimamizi hakuwa na sauti ya chini. Alizoea kushindana na mashine.

"Kukamua?" alisema. Cherehani kadhaa zikasimama. "Hapa tunashona, dada. Kama ni kukamua, kuna watu wana ng'ombe."

Wengine walicheka, wengine waliinamisha vichwa. Mshonaji alihisi kifua kimejaa na kinauma, na blauzi ilikuwa imeanza kulowa upande mmoja. Alitaka kurudi kwenye kiti chake akae kimya, kama alivyokaa kimya miezi yote hii. Akamkumbuka mwanawe kwenye ule mkeka, anahema.

"Dakika kumi na tano, mara mbili," alisema, na safari hii kwa sauti ya ukumbi mzima. "Nitazifidia wakati wa mapumziko ya mchana. Na kola zangu zihesabiwe. Zikipungua, nifukuze."

Mpiga pasi, mama mmoja mnene mwenye mikono ya moto, ambaye alikuwa amelea watano kwa mshahara wa pale pale, aliiweka pasi yake chini. "Mimi nilikuwa nakamulia chooni, nimesimama, nikalia," alisema. "Hakuna aliyeniuliza. Mpe ufunguo wa stoo, kaka. Au nikueleze hapa hapa wewe ulikua kwa kunywa nini?"

Ukumbi ulilipuka. Msimamizi akajikuna shingo, akatafuta kitu mezani ambacho hakikuwepo, akautoa ufunguo.

"Usidondoshe kwenye kitambaa cheupe," alisema. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kukubali.

Kwa hiyo kila siku, mara mbili, mshonaji alikaa katikati ya majora ya vitambaa, kikombe mkononi, akijikamua. Siku ya kwanza yalitoka matone ya kufunika kitako cha kikombe tu, akakata tamaa. Siku ya tano yalifika nusu. Mumewe alimtengenezea kisanduku kwa ubavu wa friji iliyokufa, akakifunga mkanda wa begani, na kila asubuhi akakiwekea barafu kutoka kazini kwake. Alikuwa na fahari nacho kupita friji zote alizowahi kuzifufua. "Miaka yote natengenezea watu baridi," alisema, "leo ndiyo nimeleta nyumbani."

*

Bibi alimlisha mjukuu kwa kijiko ili kuthibitisha kwamba nesi ni mwongo. Chuchu mpya ilikuwa imenunuliwa, sindano imetupwa, sukari imehamishiwa kabati la juu. Mchana wa kwanza alikaa naye mkekani, bakuli la uji mwepesi na chupa ya maziwa matupu pembeni. Mheshimiwa alikula kijiko, akala cha pili. Kufika cha saba akageuza uso kuelekea dirishani.

Mkono wa bibi ulikwisha kuondoka na kijiko cha nane. Miaka ishirini na sita ilikuwa ndani ya mkono ule. Aliusimamisha hewani, akausema kwa sauti, "Tulia," akarudisha kijiko kwenye bakuli.

"Haya, mume wangu," alimwambia mtoto. "Sasa lia. Lia waje waone."

Alisubiri. Bakuli lilikuwa na uji zaidi ya nusu, na kuliona vile kulimwuma kweli kweli. Mheshimiwa hakulia. Aliutazama mwiko uliokuwa umeachwa kwenye kona ya mkeka, akanyoosha mkono, haukufika. Akalalama kidogo, akajikunja, akasukuma kwa goti. Hakuna kilichotokea. Bibi alitaka kumsogezea ule mwiko, akajizuia kwa kukalia mikono yake.

Siku ya tisa, au ya kumi, mambo yakiwa hivyo hivyo, mtoto akajigeuza. Alianguka upande wa pili kwa kishindo kidogo, akashangaa, akaona mwiko uko mbele ya pua yake, akaukamata. Bibi alipiga kelele hata jirani akaja mbio akidhani kuna moto.

"Kajigeuza! Peke yake! Kwa ajili ya mwiko!"

Jirani huyu alikuwa muuza mkaa, na ndiye aliyekuwa wa kwanza mtaani kumwita mtoto Mheshimiwa. Alimtazama Mheshimiwa, akamtazama bibi. "Lakini mashavu, mama, yamepungua," alisema kwa huzuni ya kweli. "Msije mkatuharibia."

 Neno lilimwingia bibi. Alipobaki peke yake alilikoroga bakuli, akajaza kijiko, akakipeleka mdomoni kwa mtoto aliyekwisha kushiba. Mheshimiwa akafumba mdomo, akageuka, akamtazama kwa pembe ya jicho. Bibi akakumbuka wasichana wa bwenini, wale wadogo wa mwaka wa kwanza, waliokuwa wakimtazama hivyo hivyo huku wakimalizia sahani kwa sababu yeye amesimama mlangoni na mwiko. Alikuwa akidhani wanampenda. Labda walimpenda, na labda walikuwa wameshiba tu.

Ule uji akaula mwenyewe. Haukuwa na sukari, na haukumpendeza.

*

Siku ya mizani walikwenda wote wanne, maana fundi friji naye alifunga kazi. Bibi alivaa viatu vyake vya kutokea. Tangu asubuhi hakuzungumzia tena kuombwa radhi, na begi la zipu lilibaki chini ya kitanda, halijapangwa kitu.

Benchi lilijaa kama kawaida. Msichana wa mizani aliwatambua, akaichukua ile suruali ya bluu. Mguu wa kulia ukapita. Mshonaji alishika mkono wa mumewe. Mguu wa kushoto ukasita kidogo kwenye tundu, Mheshimiwa mwenyewe akapiga teke kwa kutaka kujua kuna nini upande wa pili, na paja likateleza likapita. Akaning'inia pale, akazungushwa taratibu na kamba, akiwakagua wapiga kura wake.

Ndani, nesi mkuu aliweka nukta mpya. Bado ilikuwa juu ya mistari, lakini iliposhikanishwa na ile ya zamani, mstari ulikuwa umelala. Mtoto alikuwa ameongeza uzito kidogo sana, na urefu ulikuwa umeanza kuufuata.

"Hapo," alisema nesi. "Hivi hivi, bila haraka. Barua siandiki." Kisha akamlaza Mheshimiwa kwenye mkeka, na Mheshimiwa hakusubiri kuombwa, alijigeuza, akaelekea kwenye uzi wa miwani. Mshonaji alicheka na kulia kwa wakati mmoja. 

Walipotoka nje, barazani kwenye benchi, walimkuta muuza mkaa akipita na toroli lake. Alijifuta mikono kwenye suruali, akamchukua Mheshimiwa kama alivyozoea kumchukua kila siku, kwa kujikaza kwanza na kuguna ili watu wacheke. Safari hii mtoto alimshika bega kwa mikono miwili, akaukaza mgongo, akapanda juu karibu peke yake. Muuza mkaa akashangaa. Akampima mkononi, mbele ya benchi, mbele ya mlango uliokuwa wazi.

"Eh!" alisema. "Mama, mbona amekuwa mwepesi?"

Akina mama wakageuza vichwa. Mshonaji alimwona mama mkwe wake amesimama wima, mdomo umefungwa. Fundi friji alipiga hatua aingilie kati. Bibi alikuwa anangoja, kwa muda ule mfupi, ile aibu ya zamani imshukie. Alingoja, wala haikuja.

"Ameshiba," alisema, akamnyooshea mikono mjukuu wake. "Njoo, mume wangu. Twende nyumbani tukabakize chakula."